Laptop ya Austine Walubengo

Mtu aliyemnyang'anya Jelagat laptop yake hakusema neno hata moja. Alitokea nyuma ya ua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia barabara ya vumbi inayotoka hosteli kwenda chuoni, akampiga kwa kipande cha chuma kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ukavunjika kwa sauti ambayo Jelagat aliisikia kabla ya kuhisi maumivu. Alianguka, lakini hakuachia mkoba. Ndipo akapigwa teke la mdomo. Meno mawili ya mbele yalitoka pale pale. Alichokiona kabla macho hayajajaa damu ni sweta nyekundu yenye kofia, na kiatu cha raba kikimkanyaga shingoni. Uso hakuuona.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Jelagat alikuwa mwaka wa pili, akisomea ualimu wa Kiswahili na historia. Kwa wiki sita alizofungwa plasta aliandika kazi zake zote kwa simu, kwa kidole gumba kimoja, mpaka macho yanamchonyota. Wenzake walipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Mtu akitembea nyuma yake kwa haraka, alisimama kando na kumpisha.

Baba yake, Mzee Kiprono, alikuwa mkulima wa mahindi kule Soy na mzee wa kanisa, mtu ambaye majirani walimwita kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Lakini tangu amwone binti yake hospitalini na uso uliovimba kama boga, kuna kitu kilikuwa kimemgeuka. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba akinoa panga ambalo tayari lilikuwa kali. "Nikimpata huyo mtu," alikuwa akisema, na sentensi inaishia hapo.

Plasta ilipotolewa alikuja Eldoret na fimbo yake ya kutembelea ili amtafutie Jelagat laptop nyingine, ya bei ya chini kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa ng'ombe wa kuuza walikuwa wamepungua. Walielekezwa kwa mwanamke anayeitwa Kabura, mwenye kibanda cha vioo kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja katikati ya mji, kati ya watengeneza simu na wauza chaja.

"Unataka ya kufanya nini?" Kabura aliuliza.

"Assignment. Kuandika lesson plan, nikienda kufundisha," Jelagat alisema, mkono mdomoni. "Na kuangalia filamu kidogo."

"Filamu?" Mzee Kiprono alidakia. "Tulikuja kununua kitu ya shule."

"Mzee, wewe ukitoka shamba jioni si unafungua redio?"

"Nafungua."

"Basi na huyu ni shamba yake hiyo. Mwache akimaliza afungue redio."

Mzee alitabasamu. Jelagat hakuwa amemwona akitabasamu tangu mwezi wa tano.

Kabura aliweka mashine mbili mezani. Moja ilikuwa mpya, nyembamba, inang'aa. "Hii itakupendeza macho lakini usichukue. Memori ni ndogo. Ukifungua kitabu na filamu pamoja inalala usingizi." Ya pili ilikuwa nzito, nyeusi, imetumika ofisini ng'ambo. "Hizi ndizo za mwanafunzi. Haina urembo, lakini inafanya kazi kama punda. Bonyeza herufi zote, moja moja. Usiogope, bonyeza. Sasa fungua ukurasa mweupe, uangalie kama kuna madoa kwa kioo. Weka wimbo, usikie spika."

Jelagat alibonyeza herufi zote. Zilifanya kazi. Spika zilitoa sauti safi. Betri tu ndiyo ilikuwa imechoka, haifiki hata saa moja, na hosteli stima hupotea kila mara.

"Kuna nyingine kama hii kwa rafiki yangu, jengo la pili, betri yake ni nzuri," Kabura alisema. "Ngojeni dakika kumi. Mniangalizie duka." Akashuka ngazi.

Ndipo Austine Walubengo akaingia.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mpiga picha za video, anayezunguka harusi na matanga kutoka Eldoret mpaka Webuye. Bawaba ya laptop yake ilikuwa imelegea na alikuja Kabura amkazie skrubu. Aliuliza mwenye duka yuko wapi, akaambiwa anarudi, akaweka laptop yake kwenye meza ya kioo akaifungua kuendelea na kazi.

Alikuwa amevaa sweta nyekundu yenye kofia.

Jelagat aliitazama sweta, kisha laptop. Ilikuwa nyeusi, aina ile ile aliyoibiwa. Upande wa kushoto, kwenye tundu la kufuli, plastiki ilikuwa imemeguka. Yake pia ilikuwa imemeguka pale. Herufi A ilikuwa imefutika. Yake pia ilikuwa imefutika. Alihisi kifundo cha mkono kikianza kuuma.

"Hii umetoa wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Hii laptop. Umetoa wapi?"

"Ni yangu." Austine alimtazama mara moja, akarudi kwenye kazi.

"Nimekuuliza umetoa wapi."

"Na mimi nimekuambia ni yangu, sister. Kwani kuna shida gani?" Akaifunga, akaivuta upande wake.

Jelagat aliishika. Kwa nini aliishika, baadaye hakuweza kueleza hata mahakamani. Austine alipovuta kwa nguvu, mwili wote wa Jelagat ulirudi kwenye ile barabara ya vumbi. Ulimi ukagusa pengo la meno, shingo ikakumbuka kiatu.

"Baba," alisema. "Ni yeye."

Mzee Kiprono hakuuliza swali. Fimbo ilimpata Austine sikioni, ya pili ikampata begani. Kijana alipiga yowe, akaiacha laptop juu ya meza, akatoka mbio akiwa ameshika kichwa. Mbio hizo ndizo zilizomponza. Jelagat alizichukua kuwa ungamo. Alitoka hadi ukingo wa varanda akapaza sauti ambayo hakujua anayo.

"Mwizi! Mwizi! Mshikeni huyo wa sweta nyekundu!"

Jengo zima lilisimama. Watengeneza simu walitoka na bisibisi mkononi. Mtu alinyoosha mguu kwenye ngazi na Austine akaviringika mpaka chini, uso ukigonga kila kipandio. Chini kulikuwa na waendesha bodaboda wanaongoja abiria. Hawakuuliza ameiba nini, wala kwa nani. Wa kwanza alimpiga kwa helmeti. Wa pili alimrukia kifuani kwa miguu miwili.

Austine alisema, "Jamani, ngojeni," na hilo ndilo neno la mwisho lililoeleweka, kwa sababu baada ya hapo taya lilivunjika.

Watu walitoka madukani kama nyuki. Mwanamume mmoja aliyevaa shati jeupe na kitambulisho cha ofisi shingoni alivua mshipi, akaukunja, akaanza kupiga kwa upande wa chuma, kwa utaratibu, kama mtu anayetwanga. Mama mmoja muuza ndizi alisimama akamtemea mate, akarudi kwenye ndizi zake. Mtu alikanyaga vidole vya kijana huyo na kuvisaga kwa kisigino. "Hawa ndio wanatumaliza!" walipokezana. "Jana walichukua simu ya ndugu yangu!" Kila mtu alikuwa na kitu kilichowahi kuibwa, na wote walikuwa wanakidai kutoka kwa mwili ule mmoja. Jiwe la ujenzi liliinuliwa kwa mikono miwili, likaanguka mbavuni. Kando, mtu alikuwa ameanza kuviringisha tairi kuukuu.

Jelagat aliyaona yote kutoka juu. Ukweli, ambao aliukiri baadaye kwa maneno hayo hayo, ni kwamba kwa dakika mbili za kwanza alifurahi.

Kabura alipanda ngazi akihema, laptop nyingine chini ya kwapa. "Nani anauawa huko chini?"

"Mwizi wangu," Jelagat alisema. "Aliyenivunja mkono. Laptop yangu ile pale kwa meza."

Kabura aliangalia mezani.

"Hiyo ni ya Austine. Nilimuuzia mimi kwa mkono wangu."

"Ni yangu. Angalia pale kwa tundu imevunjika..."

"Zote zimevunjika pale! Zilitoka ofisi moja ng'ambo, zilikatwa minyororo. Nusu ya mji inazo. Wewe uliibiwa lini?"

"Mwezi wa tano."

"Mimi nilimuuzia mwezi wa pili!" Kabura aliifungua kwa kishindo. Kwenye kioo ilikuwepo picha ya Austine, sweta ile ile, amemkumbatia mama wa makamo mwenye kitambaa kichwani, mbele ya kanisa la mabati. "Huyu ni mama yake. Huyu!"

Jelagat hakukumbuka alivyoshuka ngazi. Alikumbuka tu kwamba sauti iliyotoka kwa nguvu mara ya kwanza sasa ilikataa. "Si yeye!" alilia. "Mwacheni, nimekosea! Si yeye!"

Mtu alicheka. "Anaogopa korti huyu. Toka hapa, mama!" Mwingine alimsukuma kwa kiwiko, kikampata kwenye ufizi uliokuwa haujapona, damu ikamjaa mdomoni. Alipenya chini ya mikono ya watu, akatambaa, mpaka akafika katikati ya duara. Baba yake, aliyeshuka akimfukuza kijana, alikuwa pale. Mzee wa kanisa, msuluhishi wa mipaka, alikuwa amepoteza kofia, povu mdomoni, fimbo juu.

"Baba, si yeye!"

Maneno yalimfikia, lakini fimbo ilikuwa tayari inashuka. Iliingia kwenye jicho la kushoto la Austine. Baba na binti wote wawili waliisikia ikiingia.

Mzee Kiprono alitazama ncha ya fimbo. Alitazama binti yake. Kisha akaitupa fimbo, akapiga magoti, akajilaza juu ya kijana yule, kifua juu ya kifua, akamzungushia mikono kichwani.

"Nipigeni mimi!" alipiga kelele. "Mimi ndiye nilianza! Huyu hana makosa!"

Walimpiga. Mkono ulioinuka hauna masikio. Jiwe lililoandaliwa mwizi lilimpata yeye mgongoni, mshipi ukampasua shingo, na mtu alipomvuta mguu ili amwondoe alishikilia zaidi, akiguna tu. Jelagat alijitupa juu ya miguu ya wote wawili. Alipigwa teke la kiuno, akapigwa jingine. Harufu ya petroli ilimjia puani, akainua macho, akamwona kijana mwembamba amebeba chupa ya soda iliyojaa, akiifungua kifuniko kwa meno.

Kabura alimfikia kabla hajaimwaga. Aliinua ile laptop yenye betri nzuri kwa mikono yote miwili akampiga nayo usoni. Kioo kilipasuka, vipande vya kibodi vikaruka, kijana akaanguka chali na petroli ikamwagikia suruali yake mwenyewe. "Njoo mwingine!" Kabura alifoka, pua imemtutumka, mashine iliyovunjika mkononi. "Huyu ni mteja wangu! Nani mwingine anataka?"

Walisita, na kusita huko kuliwatosha askari wawili waliokuwa wakilinda benki ng'ambo ya barabara. Risasi mbili zilipigwa hewani. Umati uliyeyuka. Mwenye shati jeupe alionekana akivaa mshipi wake huku anatembea, kama mtu aliyetoka msalani.

Austine aliishi. Alipoteza jicho la kushoto. La kulia lilifungwa bandeji kwa muda wa mwezi mmoja, taya likafungwa kwa waya, vidole vitatu vikanyooshwa kwa vyuma. Mzee Kiprono alilazwa hospitali hiyo hiyo, amevunjika mbavu nne na mfupa wa bega.

Polisi aliyekuja kuandika taarifa alikuwa na haraka. "Tutaandika watu wasiojulikana," alimwambia Jelagat. "Umati hauna jina."

"Una jina," Jelagat alisema. "Andika langu. Mimi ndiye nilipiga kelele."

"Msichana, unajua unachosema?"

"Najua."

Askari alimgeukia mzee kitandani, akitumaini kwamba yeye atakuwa na akili zaidi. Mzee Kiprono alinyoosha mkono uliokuwa mzima. "Lete kalamu," alisema. "Yeye alipiga kelele. Mimi nilipiga jicho."

Mama yake Austine, Seline, alikuwa fundi wa kushona nguo za shule. Jelagat alipomwendea kwenye kijia cha wodi na kuanza kusema pole, alipigwa kofi, kisha jingine. Alisimama tu. Seline akainua mkono mara ya tatu, ukabaki hewani, akaushusha.

"Ulimwona uso, yule aliyekuibia?" aliuliza.

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi ulimwona mtoto wangu wapi?"

Jelagat alienda kukaa kwenye benchi nje. Kesho yake alirudi akakaa pale pale, na kesho yake tena. Hakuingia. Seline alimpita asubuhi na jioni bila kumtupia jicho.

Wiki ya nne alisimama mbele yake. "Anakuita," alisema, kwa uchungu, kana kwamba neno lenyewe ni kidonge.

Austine alikuwa ameketi, bandeji juu ya macho yote mawili. Waya za taya zilikuwa zimetolewa siku ile. Alizungumza polepole, midomo ikifunguka kidogo tu. Kwenye meza ya kitanda palikuwa na laptop yake, ambayo Kabura alikuwa ameileta akiwa amekaza bawaba.

"Kuna harusi ndani ya hiyo kitu," alisema. "Ya watu wa Plateau. Nilichukua video lakini sijamaliza kukata. Wamengoja. Wanapiga simu kwa Mama kila siku."

"Unataka niwapigie?"

"Nataka umalize. Mimi sioni. Mama hajui mashine. Marafiki zangu wako kazini. Wewe huna kazi, Mama ameniambia unakaa nje tu unalia." Alipumzisha taya. "Na usifikirie nimekusamehe. Sijakusamehe. Wakati nilikuwa chini nilisikia mtu anasema si yeye, nikashukuru Mungu. Halafu nikajua ni ile sauti moja. Hiyo ndiyo naota."

Jelagat alifungua laptop. Alikosea kubonyeza mara tatu.

"Niambie unaona nini," Austine alisema.

"Bibi harusi anatoka kwa gari. Kuna mtu anamshikia shela."

"Kata kabla mlango haujafungwa. Halafu?"

"Kuna shangazi anacheza. Anacheza sana, amemwaga soda."

"Huyo mwache. Usikate hata kidogo. Watu wa harusi wanataka kujiona wakifurahi."

Walifanya hivyo siku tano. Jelagat alieleza, Austine akaamua. Wakati mwingine Austine alikasirika kwa sababu Jelagat hakuweza kueleza rangi ya mwanga, akamwambia atoke, na alitoka, na baada ya saa moja Seline alikuja kumwita tena. Siku ya tatu Seline alimwekea kikombe cha chai kando ya mashine. Jelagat hakuthubutu kushukuru kwa sauti.

Siku ya tano kazi iliisha. Watu wa Plateau walituma mtu kuchukua flashi, wakasema ni nzuri, hawakuuliza imekatwa na nani. Austine aliegemea mto.

"Sasa nenda," alisema. "Usirudi kukaa pale kwa benchi. Mama anashindwa kupita."

Kesi ilisikizwa mwezi wa kumi na moja. Austine alikuja na jicho moja na miwani ya kukinga jua, akaeleza yote yalivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Alipoulizwa kama anaomba adhabu kali alisema yeye si hakimu. Mzee Kiprono alikiri kosa kabla wakili hajasimama. Alifungwa miaka miwili. Jelagat alipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja, kufagia na kupiga deki katika kituo cha afya, na chuo kikamsimamisha kwa muda huo. Mwenye mshipi, mwenye helmeti, mwenye jiwe, hakuna aliyepatikana. Mwizi wa kweli pia hakupatikana, na baada ya muda Jelagat aligundua kwamba hamfikirii tena.

Kila Jumamosi ya pili alienda kumwona baba yake gerezani. Mzee alikuwa amekonda, bega moja chini kuliko jingine.

"Kijana anaona vizuri kwa lile moja?" baba yake aliuliza mara ya kwanza.

"Linaona. Amerudi kazini. Kabura aliniambia wiki iliyopita alikuwa akipiga video ya matanga huko Turbo."

Mzee Kiprono aliinamisha kichwa. Askari jela aligonga meza kuashiria muda umekwisha, naye akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akafuata mstari wa wafungwa kurudi ndani.